Bomu Lenye Macho na Vita vya Kagera

Ukikaa kijiweni Mwigobero, Musoma, au ukipanda basi linalokwenda Bunda, halafu mtu akagusia vita vya Kagera, utasikia neno moja kabla ya mengine yote: saba saba. Kijana ambaye hajui hata Mutukula iko upande gani atakueleza jinsi saba saba ilivyounguruma, jinsi askari wa Nduli Idi Amin walivyotupa buti na kukimbia. Sisi tuliozaliwa baada ya vita vile tumeirithi hadithi hiyo kama tulivyorithi methali. Haina mwandishi na hakuna anayeiuliza maswali.

Ndugu msomaji, makala haya yanataka kuiuliza maswali. Siku hizi dunia inazungumzia silaha za aina nyingine, zile zinazoongozwa mpaka zifike: bomu linalofuata mwale wa leza, kombora linalofuata joto la injini, risasi ya mzinga inayosoma njia yake kwa setilaiti. Kwa lugha ya mtaani tuseme ni bomu lenye macho. Wanaolisifia wanasema vita sasa vimekuwa safi, kwamba anapigwa adui peke yake na jirani yake anabaki salama. Je, ni kweli? Na askari wa miguu, yule anayetembea na bunduki na begi mgongoni, anapata faida gani na bomu hilo, na linamwishia wapi? Majibu mengi yamo katika vita vyetu wenyewe vya 1978 na 1979. Tena mengine yamo hapa hapa Mara.

Tuanze na hiyo saba saba. Jina lake la kiwandani ni BM-21, mzinga wa maroketi uliotengenezwa Urusi ya zamani. Ni lori lenye mirija 40 mgongoni. Kila mrija unatoa roketi ya milimita 122, na yote 40 yanaweza kutoka kwa muda wa kama sekunde 20. Roketi zinafika umbali wa kilomita 20 hivi. Silaha hii si mchezo. Lakini haina macho hata kidogo. Ikishatoka, imetoka. Roketi moja inaangukia hapa, nyingine kule, na eneo lote lililo katikati linageuka moto. Hailengi mtu wala nyumba, inalenga eneo zima. Ukitaka kuielewa, mfikirie mtoto wa Bunda anayelinda mtama usiliwe na ndege. Akichota mawe kwa mikono miwili na kuyarusha yote kwa pamoja, kundi zima la ndege litaruka kwa woga, na huenda mmoja akaumia. Akichukua manati na kuvuta taratibu, anamlenga ndege mmoja tu. Saba saba ni lile fumba la mawe. Bomu lenye macho ndiyo manati.

Sasa twende Kyaka. Majeshi ya Amin yalivamia kwa nguvu Oktoba 30, 1978, yakashika sehemu yote ya kaskazini ya mto Kagera. Wakubwa wao waliona jambo moja mapema: daraja la Kyaka ndilo litakalowarudisha Watanzania. Ndege za kivita za Uganda zikatumwa kulivunja. Zilikuja, zikaangusha mabomu, zikaondoka, na daraja likabaki limesimama. Novemba 3 ndipo daraja lilipoanguka, na aliyeliangusha hakuwa rubani. Alikuwa fundi kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi ya Uganda, aliyeletwa akatega baruti kwenye daraja kwa mikono yake.

Kwa nini ndege zilishindwa kazi aliyoiweza mtu mmoja na baruti? Piga hesabu mwenyewe. Ndege inayokwenda kilomita 800 kwa saa inapita zaidi ya mita 200 kila sekunde. Rubani akichelewa nusu sekunde kubonyeza, bomu limeshasogea mita 100 mbele. Ukiongeza upepo, na ukiongeza mizinga inayomfyatulia kutoka chini, utaona kwamba daraja lenye upana wa barabara moja ni kama uzi. Wamarekani wenyewe, na utajiri wao wote, walisumbuka hivyo hivyo Vietnam. Daraja la Thanh Hoa walianza kulishambulia Aprili 1965. Walirusha mamia ya ndege, wakapoteza marubani, na daraja likawa linatengenezwa na kutumika tena. Mei 1972 walikuja na mabomu ya kuongozwa kwa leza, na daraja likavunjika.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na ni kubwa. Bomu moja lenye macho linafanya kazi ya mabomu mamia yaliyo vipofu. Jinsi linavyofanya kazi si uchawi. Mtu mmoja, aliye angani au aliyejificha chini kwenye kichaka, anaelekeza mwale wa leza kwenye kitu kinachotakiwa kupigwa. Mwale unagonga pale na kuakisi. Pua ya bomu ina jicho linaloona mng'ao huo, na mabawa madogo yanaligeuza bomu likiwa linaanguka mpaka linaufikia.

Kinyume chake tulikiona Mwanza. Machi 1979, Amin akiwa ameelemewa, rafiki yake Gaddafi wa Libya alituma ndege kubwa ya Tupolev kupiga mji wa Mwanza ili kututisha. Inasemekana shabaha ilikuwa matangi ya mafuta. Ndege ilikuja kweli, ikashambulia kweli, lakini ilichopata ni kisiwa cha Saa Nane, pale walipokuwa wanatunzwa wanyama. Wanyama kadhaa walikufa na mfanyakazi mmoja akaumia kidogo. Tanzania ikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta upande wa Uganda. Watu wengi wanaisimulia habari ya Saa Nane kwa kicheko. Lakini kisiwa hicho na mji ni pua na mdomo. Mabomu yaliyoua swala yangeweza kuangukia sokoni.

Sasa tumrudie askari wa miguu. Yeye hupanda vilima kwa miguu na kuvuka matope. Anapokutana na bunduki ya rashasha iliyofichwa kwenye nyumba, ana njia mbili. Aikimbilie na apoteze wenzake, au aombe mizinga ya nyuma imsaidie. Mzinga wa kawaida ukipiga kutoka mbali, risasi yake inaweza kuanguka mita mia na zaidi kutoka pale ilipotakiwa. Kwa hiyo askari hawezi kuomba msaada akiwa karibu na adui, la sivyo msaada wenyewe utamwua. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, Wamarekani walitumia risasi za mizinga zinazoongozwa kwa leza. Kuanzia 2007 kule Iraki wakatumia nyingine, inayoitwa Excalibur, inayoongozwa kwa setilaiti na kuanguka ndani ya mita chache za pale ilipotumwa. Askari anaweza kuomba nyumba ile tu, na nyumba ya jirani ikabaki. Tena mzigo unapungua. Badala ya malori kubeba mamia ya risasi kwenye barabara mbovu, zinabebwa chache. Wanaume waliosukuma malori matopeni kutoka Kyaka mpaka Kampala wangelielewa hilo bila kuelezwa mara mbili.

Basi mpaka hapa bomu lenye macho linashinda. Lakini sasa turudi nyumbani, Musoma.

Katika siku zile za mwanzo za vita, mwisho wa 1978, kila mtu kanda ya ziwa alikuwa anaangalia juu. Bukoba ilikuwa imeshapigwa na ndege za Amin. Walinzi wetu wa anga walikuwa macho, vidole kwenye kifyatulio. Ndege za kivita zikatokea jirani na Musoma, wakazipiga. Zikaanguka tatu. Zilikuwa ndege za Tanzania, zikisafiri kwenda Mwanza kuingia vitani.

Tulia hapo kidogo, msomaji. Hakuna mtu anayeweza kusema kwamba wale walinzi walikosa shabaha. Walipata. Walipata mara tatu. Mikono yao ilifanya kila walichofundishwa. Kilichokosekana kilikuwa neno moja tu la kuwaambia: hawa ni wa kwetu. Kama habari ingefika kwa wakati, kwa simu au kwa redio, zile ndege zingepita na watoto wangezipungia mikono. Habari haikufika, na ule ustadi wao wa kulenga ukageuka kuwa msiba. Wangekuwa wazembe zaidi, marubani wetu wangepona.

Hili ndilo jambo ninalotaka ulibebe kutoka katika makala haya. Silaha yenye macho inaona mahali, haimwoni mtu. Inajua iende wapi, lakini haijui nani yuko pale. Kulijua hilo ni kazi ya binadamu, na binadamu akikosea, shabaha nzuri inamsaidia kukosea kwa uhakika zaidi.

Wakubwa wa dunia nao wamepita njia hiyo hiyo ya Musoma. Februari 13, 1991, mabomu mawili ya kuongozwa kwa leza yaligonga jengo la Amiriya mjini Baghdad. Yaligonga hasa pale yalipotakiwa, katika paa la zege. Wamarekani walisema waliamini ni kituo cha kijeshi. Ndani walikuwamo raia waliokimbilia humo usiku kujificha mabomu, na zaidi ya 400 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Mei 7, 1999, ndege ya Marekani iliangusha mabomu ya kuongozwa kwa setilaiti mjini Belgrade. Yote yalipata jengo lililoandikwa kwenye karatasi. Jengo lenyewe lilikuwa ubalozi wa China, na Wachina watatu walikufa. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba ramani zilikuwa na makosa. Setilaiti zote zile angani, halafu kosa likatoka kwenye karatasi ya mezani!

Kuna mipaka mingine. Kwanza ni bei. Risasi moja ya aina ya Excalibur inagharimu makumi ya maelfu ya dola. Nchi maskini haiwezi kupigana vita virefu kwa bei mbaya kama hiyo. Mwaka 1978 jeshi letu lilikuwa na watu pungufu ya 40,000, na katika muda mfupi likakua likapita 100,000, wakiwemo mgambo wengi waliotoka vijijini. Vita vile tuliviweza kwa watu, si kwa vitu.

Pili ni hali ya hewa na ujanja wa adui. Leza haipendi mawingu, moshi wala vumbi. Setilaiti nayo inaweza kuzibwa masikio. Tangu 2022 huko Ukraine, Warusi wamekuwa wakivuruga mawimbi ya setilaiti, na risasi za mizinga zilizokuwa zikisifiwa kwa kutokosa zikaanza kukosa. Macho ya kununuliwa yanaweza kutiwa mchanga.

Tatu, vita si kupiga tu, vita pia ni moyo wa mtu. Mfano mzuri ni Lukaya, Machi 10, 1979. Brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi wasio na uzoefu, ilikuwa ikisonga mbele kwenye barabara inayokatiza kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawafyatulia maroketi. Maroketi yale mengi yalipita juu ya vichwa vya askari wetu na kuanguka nyuma, yaani yalikosa. Lakini askari wakatawanyika na kukimbia. Kwa shabaha, yalikuwa sifuri. Kwa kazi, yalimfaa adui kwa siku nzima. Kesho yake, Machi 11, Brigedi ya 208 ilizunguka ikamtokea adui ubavuni, wakati 201 iliyojikusanya upya ikipiga kutoka mbele, na Lukaya ikachukuliwa. Hakuna bomu lenye macho lililoamua siku ile. Kilichoamua ni miguu iliyotembea usiku, na watu waliokubali kurudi pale walipokimbia jana yake.

Nne, na hili linatugusa sisi Waafrika Mashariki kwa uchungu, silaha yenye macho inaweza kuwa ndogo. Katika vita vya Kagera JWTZ ilikuwa na makombora ya kubeba begani yanayofuata joto la injini ya ndege, na yaliwapa marubani wa Amin taabu kubwa. Ndiyo silaha ya kuongozwa aliyokuwa nayo askari wetu wa miguu. Mtu aliyesimama shambani aliweza kuiangusha ndege. Lakini kinachobebwa begani kinaweza kubebwa na bega lolote. Aprili 6, 1994, ndege iliyokuwa imewabeba Rais wa Rwanda na Rais wa Burundi, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, iliangushwa kwa makombora ikitaka kutua Kigali. Usiku ule ule mauaji ya kimbari yakaanza. Novemba 28, 2002, watu walifyatua makombora mawili ya begani kuielekea ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa. Yalikosa, na Mungu ashukuriwe. Lile la Kigali lilipata. Kati ya kukosa na kupata, ni lipi tungelitaka?

Sasa niruhusu nikupeleke Butiama, kwa sababu vita vile viliamuliwa kwa sehemu kubwa na watu wawili wa kijiji kile. Mmoja ni Mwalimu Nyerere, Amiri Jeshi Mkuu. Mwingine ni David Musuguri, aliyezaliwa Butiama 1920, akaingia jeshi la Waingereza la KAR mwaka 1942, na 1979 akawa ndiye anayeiongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala. Baadaye alikuwa Mkuu wa Majeshi, akastaafu 1988, na alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104.

Januari 1979 majeshi yetu yaliiteka Mutukula. Wenzetu wa Kagera walikuwa wameuawa, nyumba zao zimechomwa, ng'ombe wao wameswagwa kupelekwa Uganda. Askari waliingia Mutukula na hasira hiyo kifuani. Mji uliangushwa mpaka chini, na raia waliuawa. Hili halisimuliwi kijiweni. Lakini lilitokea, na Mwalimu alipolisikia alishtuka, akatoa amri kwamba askari wasiwaguse raia wala mali zao. Amri hiyo nayo haikufika kila mahali. Februari, Masaka ilibomolewa sana kwa mizinga na kwa baruti, na sehemu yake ilikuwa kisasi.

Aprili, majeshi yalipoizunguka Kampala, Mwalimu alifanya jambo ambalo wengi hawalijui. Aliamua barabara ya mashariki, ile ya kwenda Jinja, iachwe wazi. Kwa nini umwachie adui mlango? Kwa sababu Walibya waliokuwamo mjini, wakipata njia, wataondoka. Wakizibiwa, watapigana nyumba kwa nyumba, na watakaokufa zaidi ni watu wa Kampala. Wakaondoka. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979 bila yale mapigano makubwa ya mitaani yaliyokuwa yakiogopwa.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa shabaha nzuri kuliko zote katika vita vile, na haikuhitaji leza wala setilaiti. Ilihitaji mtu anayeuliza: mle ndani wako nani? Swali hilo halikuulizwa kwa wakati angani kwa Musoma. Halikuulizwa Mutukula. Lilipoulizwa Kampala, watu walipona.

Kwa hiyo simpingi anayetaka jeshi letu liwe na silaha za kisasa. Askari wa miguu anayeomba msaada anastahili risasi inayofika pale alipoelekeza, na mwenye nyumba ya jirani anastahili isimfikie. Kati ya fumba la mawe na manati, na mimi nachagua manati. Lakini tusidanganyane kwamba manati inachagua ndege. Nunua macho, sawa, lakini nunua na simu, fundisha na watu wa kusikiliza, mweke na mkubwa mwenye ujasiri wa kusema "subiri kwanza, tujue ni nani."

Na kwenu waandishi wenzangu chipukizi, mnaotaka kuandika riwaya ya vita vya Kagera: andikeni, uwanja bado ni mpana. Saba saba muiache iungurume, haina ubaya. Ila msiishie pale inapofyatuliwa. Ifuateni mpaka inapoanguka, muandike na habari za watu waliokuwa wamesimama pale.